Goma: vilima vidogo vya ufuo wa Ziwa Kivu navyo ni volkano

Ukimuuliza mkaaji wa Goma volkano iko wapi, atanyoosha kidole kaskazini, kwenye Nyiragongo. Ni wachache watakaoonyesha Mont Goma, kile kilima kilicho karibu na bandari. Lakini nacho ni volkano. Vilima vya Bulengo na Nzulu ni volkano pia, sawa na lile shimo pana lenye maji ya kijani linaloitwa Lac Vert. Vyote vimezimika. Leo vimebeba nyumba na mashamba, na katika miaka ya vita, hadi mwanzoni mwa 2025, Bulengo ilibeba pia mahema ya maelfu ya wakimbizi wa ndani.

Kati ya Sake na Gisenyi, na kupanda hadi miteremko ya Nyiragongo na Nyamulagira, vilima vya namna hiyo ni mamia. Volkano kubwa hutoa moto mara nyingi kupitia mdomo uleule, kwa maelfu ya miaka, na ndiyo sababu Nyiragongo imefika karibu mita 3.470. Volkano ndogo kwa kawaida hulipuka mara moja tu. Ardhi ya bonde letu inavutwa pande mbili, milimita chache kila mwaka. Inapopasuka, magma ya jamii ya basalti, nyeusi na nyepesi kutiririka, hupanda ndani ya ufa. Gesi zake huirusha juu vipandevipande. Vipande hivyo hupoa hewani, huanguka kuzunguka tundu, na kilima huinuka. Kazi hiyo huchukua siku, majuma au miezi, mara chache mwaka na zaidi. Kisha tundu hufunga, na safari nyingine ufa hutafuta mahali papya.

Vingine vimezaliwa watu wakiona. Rumoka ilitokea mwaka 1912, kusini ya Nyamulagira na karibu na ziwa, na lava yake iliingia majini. Kati ya 1938 na 1940 lava nyingine ya Nyamulagira ilishuka hadi Ziwa Kivu upande wa Sake. Baadaye kukaja Kitsimbanyi mwaka 1958, Rugarama 1971 na Murara 1976. Vilima vipya kuliko wazee wengi wa Masisi, na kila kimoja kina jina lake.

Vile vya ufuoni vina historia tofauti kidogo. Hapo magma ilikutana na maji kabla ya kufika juu. Maji yaligeuka mvuke kwa ghafula na kupasua mwamba, na badala ya kilima chenye ncha likabaki shimo pana lenye ukingo wa jivu. Lac Vert ni mfano mzuri. Mahali ambapo watu wamekata mteremko wa kilima cha aina hii kutafuta mawe na mchanga wa kujengea, tabaka huonekana wazi: jivu laini, kokoto, jivu tena, na katikati mawe makubwa yaliyorushwa kutoka chini. Anayezitazama anaweza kuhesabu mishindo mmoja baada ya mwingine. Baadhi ya milipuko hiyo ina miaka elfu chache tu, muda ambao kwa volkano ni kama juzi.

Hata ziwa lenyewe lina deni kwa moto huo. Zamani maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano za Virunga zilifunga njia, maji yakapanda, mwishowe yakapata mlango kusini. Mlango huo ndio mto Ruzizi, unaoyapeleka Tanganyika.

Kwa Goma, jambo la kushika katika historia hii ni kwamba moto hautoki lazima kileleni. Tarehe 10 Januari 1977 nyufa zilifunguka kwenye mbavu za Nyiragongo, na ziwa la lava likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilishuka hadi Munigi, karibu kabisa na mji. Lava ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji na kuingia ziwani. Makoro yake ndiyo yamejenga kuta nyingi za Goma ya leo.

Tarehe 22 Mei 2021 lava ilisimama Buhene. Wengi walidhani yamekwisha, kumbe sehemu ya kutisha zaidi haikuonekana. Magma iliendelea kusafiri chini ya mji na chini ya ziwa, matetemeko yakapasua kuta na barabara, na tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi aliamuru kartie 10 za Goma zihame. Watu walienda Sake, Rutshuru na Rwanda, wengine kwa mashua hadi Bukavu. Safari hiyo magma haikutoka tena juu. Kama ingetokea kwenye maji ya ufuo, Goma isingeona mto wa lava unaoweza kukimbiwa kwa miguu, bali mshindo kama ule uliochimba Lac Vert. Na chini ya Ziwa Kivu kuna gesi nyingi iliyoyeyuka, karibu kilomita za ujazo 300 za gesi ya kaboni na 60 za methane.

Hata bila mlipuko, nyufa za zamani zinapumua. Karibu na Lac Vert na Bulengo gesi ya kaboni hujikusanya kwenye mabonde madogo, hasa usiku na asubuhi kusipokuwa na upepo. Ndiyo mazuku: haionekani, ni nzito kuliko hewa, na huanza kuua kilicho karibu na udongo, yaani mbuzi, kuku na mtoto aliyelala chini. Wenyeji wanajua mashimo yake. Mkimbizi aliyefika jana kutoka Masisi na kutafuta mahali pa kusimamisha hema hayajui.

Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG, hufuatilia matetemeko na gesi. Mitambo yake inaweza kusikia magma ikisogea. Ni vigumu zaidi kusema mapema ni wapi itapasua ardhi, na huko Munigi, juu ya mstari wa nyufa za 2002, nyumba zimejengwa tena.