Ile Hela

Tarehe 30, saa mbili usiku. Mpangaji wa Mbagala ameshakula, ameshaoga, na kodi ya miezi mitatu imo ndani ya simu. Jana mwenye nyumba alimpigia kumkumbusha. Ujumbe unaingia: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja…" na jina la mtu mbele yake. Anatuma. Dakika ishirini baadaye mwenye nyumba anapiga kuuliza kodi imefikia wapi.

Mpangaji huyo ni wa mfano, ila ujumbe wenyewe sidhani kama kuna Mtanzania mwenye simu ambaye haujamfikia. Umekuwa utani wa vijiweni. Wapo wanaomjibu tapeli kwa vichekesho wakapitisha navyo jioni. Na kila anayeucheka hujiuliza ni mjinga gani anayetuma pesa kwa maneno matupu kama hayo. Swali hilo limeanzia pabaya.

Tuliangalie neno la kwanza. Katika Kiswahili, "ile" si ya kuonyesha kitu kilicho mbali tu. Hutaja pia kitu ambacho msemaji na msikilizaji wanakijua tayari, kilichokwisha kuzungumzwa. Anayesema "ile hela" hasemi hela gani, ya nani wala kiasi gani. Anayesoma ndiye anayejaza pengo. Mwenye kodi husoma kodi. Mwenye ada ya mtoto husoma ada, na aliyeahidi mchango wa harusi husoma mchango. Asiyedaiwa na mtu hucheka akafuta. Tapeli hakumjua hata mmoja wao, sarufi ndiyo iliyomfanyia kazi.

Hesabu yake ni ya mvuvi wa jarife. Tuseme ametuma ujumbe kwa watu 1,000 mwisho wa mwezi, na katika hao 5 wana pesa waliyokuwa karibu kuituma usiku huohuo. Wale 995 wanaomcheka hawampunguzii kitu.

Mwaka 2012 Cormac Herley, mtafiti wa kampuni ya Microsoft, aliuliza swali la kuchekesha kidogo: kwa nini matapeli wa barua pepe hujitaja kuwa wanatoka Nigeria, wakati dunia nzima imeshaisikia hadithi hiyo? Jibu lake lilikuwa kwamba utapeli wa aina ile hula muda. Kila anayejibu lazima aandikiwe na kubembelezwa kwa siku nyingi, kwa hiyo hadithi ya ajabu huwafukuza mapema wenye mashaka na kumbakizia tapeli wale wachache wepesi wa kuamini. Ujumbe wa "ile hela" umekwenda njia nyingine kabisa. Hauna mazungumzo, hauna cha kuchuja, na hauhitaji mtu mwepesi wa kuamini. Unamhitaji mtu mwenye shughuli, tena mwadilifu anayelipa madeni yake kwa wakati.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Frank Stajano wa Chuo Kikuu cha Cambridge na Paul Wilson walichambua mbinu za matapeli zilizoonyeshwa katika kipindi cha BBC kiitwacho The Real Hustle, wakapata kanuni saba. Ya kwanza inahusu umakini: akili iliyoshikwa na jambo moja haioni linalopita pembeni. Ya mwisho inahusu haraka. Mpangaji wa Mbagala alikuwa nazo zote mbili.

Lakini kipande cha hila zaidi ni lile "jina litakuja". Kabla pesa haijaondoka, simu huonyesha jina la mpokeaji ili mtumaji ajihakikishie. Ni kinga nzuri, na tapeli ameigeuza. Kwa kuwa amelitaja jina mapema, linapotokea kwenye kioo halimshtui mtu, linamthibitishia. Dawa yake ni kumpigia mwenye nyumba kwa namba ile iliyohifadhiwa siku zote, basi.

Pesa ikishakwenda, mambo yote yanategemea ilipo. Ikiwa bado imo kwenye akaunti ya aliyeipokea, kampuni ya simu inaweza kuizuia. Akiwahi kuitoa kwa wakala au kuihamishia laini nyingine, kampuni haina tena cha kurudisha. Ndiyo maana dakika za mwanzo si za kumpigia tapeli na kumtukana. Kenya, mteja wa M-Pesa huutuma ujumbe wa muamala kwenda 456. Tanzania hupigiwa huduma kwa wateja ya mtandao husika, ukiwa na namba ya muamala, kiasi na saa. Ujumbe wa tapeli usifutwe kwa hasira. Namba ya tapeli huripotiwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kupitia 15040. Kisha polisi, kuchukua RB (namba ya taarifa kwenye kitabu cha polisi), kwa sababu kampuni haiwezi kumkabidhi kila anayepiga simu taarifa za mwenye laini.

Wapo wanaokwenda kulia Facebook kabla ya yote hayo. Huko hukutana na "mtaalamu wa kurejesha pesa", mwenye pole nyingi, anayeomba ada ndogo ya kufungua faili. Utapeli huu wa pili unajulikana duniani kote: Marekani, kanuni za mauzo kwa njia ya simu zinakataza kudai malipo ya kazi ya kurejesha pesa kabla mteja hajaishika mkononi.

Linabaki swali la majina. Laini Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020. Tapeli anapata wapi laini yenye jina la mtu mwingine? Njia mojawapo inaanzia chini ya mwavuli wa msajili wa barabarani. "Haijasoma, mama, weka tena kidole." Anaweka mara ya pili, mara ya tatu. Anaondoka na laini moja, nyingine inabaki mezani.

Ukibonyeza *106# utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ikiwemo usiyoifahamu, huenda usiku wa tarehe 30 kuna mtu anaambiwa jina litakuja, na linalokuja ni lako.