Mzee Apunguze Ugali, Asipunguze Mboga

Pesa inapoadimika katika nyumba ya mzee, mboga ndiyo hukatwa kwanza. Ugali unabaki palepale, pengine unaongezwa ili tumbo lijae, lakini kunde zinatoweka, maziwa yanatoweka, na dagaa wanangoja siku ya wageni. Jioni ikifika ni ugali kwa chumvi, au uji mtupu na chai ya rangi. Kijana anayelima anaweza kupita wiki mbili za namna hiyo na akarudi katika hali yake. Kwa mtu wa miaka 70 pale Bahi, Chamwino au Mpwapwa mkoani Dodoma, huo ni mwanzo wa kupoteza nguvu zisizorudi kwa urahisi.

Umri unavyosogea, misuli hupungua na kazi za sulubu hupungua, hivyo mwili hautaki tena nishati nyingi kama zamani. Protini, kinyume chake, inahitajika zaidi. Wataalamu wengi wa lishe hushauri mzee mwenye afya apate gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, wakati kiwango cha kawaida cha mtu mzima ni gramu 0.8. (Mwenye ugonjwa wa figo afuate maelekezo ya daktari wake.) Protini ikikosekana, mwili huanza kula misuli yake wenyewe: miguu inalegea, kuinuka kwenye kigoda kunakuwa kazi, mzee anaanguka na nyonga inavunjika. Kwa hiyo anayetaka kubana matumizi uzeeni aanzie kwenye ukubwa wa tonge.

Tupige hesabu. Mzee wa kilo 55 anahitaji gramu 55 hadi 66 za protini kwa siku. Gramu 300 za unga wa uwele, zinazotosha uji wa asubuhi na ugali wa siku nzima, zinampa takribani 30. Kikombe cha kunde zilizopikwa kina kama 13, glasi ya maziwa 8, na konzi ya karanga 7. Jumla ni 58, na hatujagusa nyama. Siku yai likipatikana, ongeza 6.

Mlo huo si mgeni Ugogoni, eneo la Wagogo la Dodoma. Uwanda huo wa kati ya Tanzania hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, katika msimu mmoja wa Desemba hadi Aprili. Uwele na mtama huvumilia ukame unaoyaua mahindi, na ndiyo maana kituo cha utafiti cha Hombolo kimeshughulika na mazao hayo kwa miaka mingi. Uwele usiokobolewa una madini ya chuma na nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, na nyuzinyuzi hizo humsaidia mzee anayesumbuliwa na kukosa choo.

Mlenda nao unastahili heshima yake. Huchumwa wakati wa mvua, ukakaushwa na kupondwa, ukalisha nyumba kiangazi kizima kwa gharama ndogo. Utelezi wake humfaa asiye na meno. Uanikwe kivulini, kwa kuwa jua kali huharibu vitamini A, na utiwe karanga zilizopondwa ili uongeze protini na mafuta. Magadi ya kuupikia yapunguzwe: yana sodiamu kama chumvi, hivyo hayamfai mwenye shinikizo la damu, tena huharibu vitamini C na B1. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Badala ya kuzidisha chumvi, mzee apate ladha kwa kunywa juisi ya ubuyu au ukwaju pamoja na chakula; tena uchachu wake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai ingoje saa moja baada ya mlo, maana huyazuia madini hayo.

Yapo mambo ambayo kuyabania ni hatari. La kwanza ni nafaka iliyoota ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliua watu 20 miongoni mwa wagonjwa 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wilaya za Chemba na Kondoa zikiwemo. Sumu hiyo hupenda zaidi mahindi na karanga, haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Wazee wetu waliopita njaa nyingi huona dhambi kutupa punje. Hata hivyo, karanga zilizosinyaa, zenye rangi ngeni au zilizo chungu, na mahindi yaliyooza, yatupwe. Wasipewe kuku wala ng'ombe, maana sumu huwadhuru na kurudi kwetu kupitia maziwa. Akiba haiozi iwapo imekauka vizuri: nafaka ianikwe juu ya turubai, isigusane na udongo, kisha ihifadhiwe katika mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa.

La pili ni maji. Kiu hupungua na umri, na wengi hujinyima maji wasiamke usiku kwenda chooni. Wanywe zaidi asubuhi na mchana, na jioni wapunguze.

La tatu ni matibabu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na ilielekeza asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Mzee anayekonda bila sababu asiambiwe ni uzee tu. Apelekwe kituoni akapimwe.

Kwenu watoto mlioko mjini: wakulima wengi wa Bara hawana pensheni, na fedha mnayotuma kwa simu ndiyo pensheni yao. Mnaponunua gunia la unga, punguzeni kilo chache, na kwa fedha hiyo nunueni kunde, karanga na dagaa. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao hujenga mifupa ya mlaji, na sokoni hupimwa kwa kiasi cha kila mfuko. Kunde na karanga nunueni mara baada ya mavuno, Mei na Juni, kabla bei haijapanda kuelekea Januari. Kisha pangeni nani atakula na bibi au babu, kwa sababu mzee anayekula peke yake hupika kidogo, na mara nyingine hapiki kabisa. Mjukuu anayetumwa kwenda kula naye kila jioni anafanya kazi ya lishe sawasawa na yule anayetuma fedha.