Kupanga upya kompyuta ya moto: wanabadilisha nini hasa?

Kama mtu anafika kwenye parkingi na laptopu, anasema atapanga upya kompyuta ya moto yako ili ipate nguvu na ikunywe esanse kidogo, umuulize kwanza: hii moto iko na kompyuta gani? Juu moto nyingi za taksi hapa kwetu, kama TVS HLX ao Boxer, ziko za karbiratere. Kale kasanduku keusi kenye kamefichwa nyuma ya plastiki kazi yake ni kuwasha buji tu. Esanse haikahusu. Hapo hakuna kitu cha kupanga upya, kuna makuta yako tu.

Moto za injeksio njo ziko na kompyuta ya kweli, ile mafundi wanaita kalkilatere. Inapima mgandamizo wa hewa, joto ya motere, mbio ya motere na vile umefungua gazi, kiisha inatafuta jibu ndani ya jedwali. Jedwali moja inasema injekta ifunguke milisekunde ngapi. Ingine inasema buji iwake digri ngapi mbele ya pistoni kufika juu. Na haina wakati wa kuwaza: kwa mizunguko 6000 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua milisekunde 10. Kupanga upya ni kubadilisha hizo namba, basi.

Lakini kiwandani hawakuziandika ovyo. Gramu 1 ya esanse inahitaji gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Kama filtre na eshapma ni zile zile, hewa haiongezeki, sasa nguvu kubwa itatoka wapi? Watu wa mashindano wanabadilisha kwanza njia ya hewa, njo wanagusa namba. Mwenye kupunguza esanse ovyo anaongeza joto. Mwenye kuwahisha buji sana, na esanse ya kwa Kadhafi yenye haujui imechanganywa na nini, atasikia motere inagonga sawa misumari ndani ya kopo. Pistoni inaweza kutoboka, na jioni mwenye moto anangojea pesa yake.

Wengine wanakuambia ni sababu ya milima. Ni kweli, ukitoka Uvira, ukapanda Ngomo mpaka Bukavu, karibu metre 1500, hewa inapunguka na karbiratere inaweza kuanza kutoa moshi mweusi. Lakini injeksio inapima hewa na kupunguza esanse yenyewe, bila laptopu ya mtu.

Kama kweli umebadilisha eshapma ao silinda, kazi inaweza kuwa na maana. Batiri iwe imejaa, juu umeme ukikatika wakati faili inaandikwa, kalkilatere inaweza kufa palepale. Na fundi asome kwanza faili ya kiwandani, akuachie kopi kwenye flashi yako. Akisema haina lazima, washa moto yako, uende.