Sura Mpya ya Kompyuta: Yale Ambayo Mkazi wa Liboi Anapaswa Kujua

Mkazi wa Liboi anayeingia saiba au afisi kutafuta huduma ya serikali huenda akakuta skrini asiyoizoea. Kitufe cha kuanzia hakipo tena kwenye kona ya kushoto, menyu zimefupishwa, na barua iliyohifadhiwa jana haionekani mahali pake. Kompyuta hiyo haijaharibika. Imehamishwa kutoka Windows 10 hadi Windows 11, mfumo ambao kampuni ya Microsoft iliutoa tarehe 5 Oktoba 2021.

Jambo hili linaweza kuonekana dogo, lakini lina gharama. Leseni, pasipoti, cheti cha kuzaliwa na huduma nyingine nyingi huombwa kupitia eCitizen. Ripoti ya kodi huwasilishwa kwa mamlaka ya KRA kupitia iTax kufikia tarehe 30 Juni kila mwaka, na mtu binafsi anayechelewa hutozwa faini ya Sh2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kutegemea kiasi kilicho kikubwa. Mwanafunzi aliyeshindwa kupata nakala ya cheti chake kwenye kompyuta anaweza kupitwa na siku ya mwisho ya kuomba mkopo wa HELB. Kwa mtu aliye Liboi, kwenda kurekebisha kosa kama hilo katika Kituo cha Huduma mjini Garissa ni safari ndefu ya kupitia Dadaab, pamoja na nauli na siku nzima ya kazi iliyopotea.

Kwa nini mabadiliko yamekuja

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo na bado zinafanya kazi. Tatizo ni kwamba mwanya wowote wa usalama unaogunduliwa baada ya tarehe hiyo hauzibwi, na wezi wa mitandaoni hutafuta mianya kama hiyo. Mtumiaji wa nyumbani anaweza kusajili kompyuta yake ili iendelee kupata marekebisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Usajili huo hufanywa kwenye kompyuta yenyewe, katika sehemu ya Windows Update.

Hii si mara ya kwanza kwa watumiaji kubadilishiwa mpangilio. Kitufe cha Start kilikuja na Windows 95 mwezi Agosti 1995. Windows 8, iliyotolewa Oktoba 2012, ilikiondoa. Malalamiko yalikuwa mengi, na mwaka mmoja baadaye kikarudishwa katika Windows 8.1. Safari hii kitufe kipo, ila kimehamishwa.

Vitu vimehamia wapi

Badiliko la kwanza ni ukanda wa chini wa skrini. Alama za programu sasa ziko katikati, na kitufe cha Start, chenye miraba minne ya buluu, kiko mwanzoni mwa alama hizo. Anayetaka kukirudisha kushoto abofye kitufe cha kulia cha kipanya kwenye sehemu tupu ya ukanda huo, achague "Taskbar settings", afungue "Taskbar behaviors", kisha katika "Taskbar alignment" achague "Left". Hatua hii huchukua chini ya dakika moja, na kwa watu wengi huondoa nusu ya ugeni.

La pili ni menyu ya Start yenyewe. Programu zilizobandikwa ndizo huonekana kwanza. Kwa anayejua jina la programu, njia ya haraka ni kubonyeza kitufe cha Windows kwenye kibodi na kuanza kuandika jina hilo. Ukiandika "word" au "excel", programu itajitokeza. Alama ya kuzima kompyuta iko ndani ya menyu hiyo, upande wa chini.

La tatu linawasumbua zaidi makarani na wahudumu wa saiba. Ukibofya faili kwa kitufe cha kulia, menyu inayotokea ni fupi. Kukata, kunakili na kubandika vimewekwa kama alama ndogo. Menyu ya zamani haijafutwa: chagua "Show more options" iliyo chini kabisa, au bonyeza Shift na F10 kwa pamoja.

La nne ni kona ya kulia. Alama za mtandao, sauti na betri sasa ni kitufe kimoja, na ukikibofya vyote hufunguka pamoja. Saa na tarehe hufungua kalenda na arifa.

Hata sura ikibadilika, vitufe vingi vya mkato kwenye kibodi vimebaki vilevile. Ctrl na C hunakili, Ctrl na V hubandika, Ctrl na P huchapisha. Windows na E hufungua mahali pa faili, Windows na D huonyesha skrini ya mwanzo, na Alt na Tab hukuhamisha kutoka dirisha moja hadi jingine. Karani anayevijua vitufe hivi ataendelea na kazi yake siku ileile mfumo unapobadilishwa.

Anayependa kusoma menyu kwa Kiswahili anaweza kuongeza lugha hiyo kupitia "Settings", kisha "Time & language". Baadhi ya matoleo yanayouzwa na kompyuta huruhusu lugha moja pekee, hivyo muuzaji aulizwe kabla ya kununua.

Faili haijapotea

Malalamiko mengi kuhusu faili zilizotoweka yana sababu moja. Mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, kompyuta inaweza kuanza kuhifadhi folda za Documents na Desktop katika OneDrive, ambayo ni ghala la mtandaoni. Faili ipo, lakini imo ndani ya folda yenye jina hilo. Fungua mahali pa faili kwa Windows na E, kisha tazama upande wa kushoto, au andika sehemu ya jina la faili kwenye kisanduku cha kutafuta. Nakala zilizopakuliwa kutoka eCitizen au iTax kwa kawaida huwa katika folda ya Downloads.

Ghala la bure lina gigabaiti 5 tu, na picha za simu hulijaza haraka. Asiyelihitaji anaweza kusimamisha uhifadhi huo kwenye mipangilio ya OneDrive. Ahakikishe kwanza kuwa faili zake zimenakiliwa kwenye kompyuta yenyewe au kwenye flashi.

Jambo jingine ni ufunguo wa kurejesha. Kompyuta nyingi mpya hufunga diski yake kwa usimbaji. Siku moja mashine inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kuwaka, na asiyekuwa nao hawezi kufikia faili zake. Ufunguo huo hupatikana katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Uandike kwenye karatasi na uiweke mahali salama. Afisi na shule zihakikishe kwamba ufunguo haumo mikononi mwa mtu mmoja anayeweza kuhamishwa kituo.

Kulinda bando

Anayetumia mtandao wa simu kwenye kompyuta anaweza kushangaa bando likiisha kabla ya kufungua ukurasa wowote. Mfumo mpya hupakua marekebisho kimyakimya, na kuhama kutoka Windows 10 hadi Windows 11 peke yake hula gigabaiti kadhaa. Kuzuia hilo, fungua "Settings", kisha "Network & internet", chagua mtandao unaotumia, ingia kwenye sifa zake, na uwashe "Metered connection". Kompyuta itaelewa kuwa mtandao huo hulipiwa kwa kipimo, na itapunguza upakuaji. Marekebisho ya usalama yasiachwe kabisa. Yapangiwe siku yenye mtandao wa bei nafuu.

Mashine isiyokubali mfumo mpya

Windows 11 huhitaji angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu, gigabaiti 64 za nafasi ya kuhifadhi, na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikubaliki, hata zikiwa bado na nguvu. Mtu anayeahidi kulazimisha mfumo huo kwenye mashine ya zamani kwa ada anauza suluhisho ambalo Microsoft haiungi mkono.

Shule au kikundi chenye mashine kama hizo hakilazimiki kuzitupa. Mfumo wa bure wa Linux Mint una menyu kwenye kona ya chini kushoto, karibu na mpangilio wa zamani ambao wengi wameuzoea. Programu ya LibreOffice, nayo ya bure, hufungua nyaraka nyingi za Word na Excel. Kabla ya kuhamisha maabara nzima, jaribuni kompyuta moja pamoja na printa yake.

Aliyekwisha kuhamia Windows 11 na kuona kazi zimekwama ana siku 10 za kurudi nyuma, kupitia "Settings", "System", kisha "Recovery". Siku hizo zikipita, mlango huo hufungwa.

Jihadhari na matapeli

Kipindi cha mabadiliko ni msimu wa matapeli. Microsoft haipigii watu simu bila kuombwa kuwaambia kompyuta zao zina virusi. Ujumbe unaojaza skrini nzima na kukutaka upige nambari fulani au utume pesa kwa M-Pesa ni wa ulaghai. Usimpe mtu yeyote nywila, nambari ya siri wala namba za uthibitisho zinazotumwa kwenye simu yako, hata akisema anatoka afisi ya serikali.

Katika saiba, toka kwenye akaunti yako ya eCitizen, iTax na baruapepe kabla ya kuinuka. Usikubali kivinjari kihifadhi nywila. Futa nakala za kitambulisho ulizopakua, kisha safisha pipa la takataka. Mwenye saiba naye akumbuke kuwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka atunze habari za wateja wake, na nakala za vitambulisho zilizorundikana kwenye skrini yake ni mzigo wake pia.

Kabla ya kuhamisha kompyuta yoyote, nakili faili muhimu kwenye flashi mbili tofauti, andika nywila zinazohitajika, na uchague siku isiyo karibu na tarehe ya mwisho ya maombi au kodi. Kompyuta inayobadilishwa mwezi Machi humpa mtumiaji muda wa kuizoea. Ile inayobadilishwa tarehe 29 Juni inaweza kumgharimu Sh2,000.