Pointi 25 au ufungashe virago: Kocha apimwe vipi?

HEBU fikiria umepewa kazi, kisha mkataba ukaandikwa nambari moja: ukiifikisha unabaki, ukiikosa unaenda nyumbani. Ongeza kwamba kocha mkuu wa timu ni baba yako mzazi, na mashabiki wanahesabu pamoja nawe kila wikendi.

Hayo yalimpata Brian Ferentz, kocha wa mashambulizi wa timu ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 2023. Si soka hii yetu. Ni ile futiboli yao ya helmeti, ambayo vyuoni kule ni biashara kubwa. Timu huwa na kikosi cha kushambulia na kingine cha kulinda, kila kimoja na kocha wake chini ya kocha mkuu.

Mwaka 2022 mashambulizi ya Iowa yalikuwa aibu tupu. Mechi ya kwanza waliilaza South Dakota State 7-3 bila kuvuka mstari wa mwisho na mpira hata mara moja. Saba zilitoka wapi? Tatu zilitokana na teke lililopita katikati ya milingoti. Nne zililetwa na walinzi, waliowanasa wapinzani na mpira ndani ya eneo lao la mwisho mara mbili. Yaani walinzi walifunga kuliko washambuliaji, bana!

Mashabiki wakawaka. Tuseme ukweli, jina lile ndilo liliwachoma zaidi, maana Kirk Ferentz, kocha mkuu tangu 1999, ndiye babake Brian. Chuo kikamkata Brian mshahara kwa dola 50,000 hadi 850,000 (usimlilie sana), kisha kikaweka sharti: timu ishinde mechi saba na ipate wastani wa pointi 25. Kwa mechi 13, hizo ni pointi 325.

Sasa ona kichekesho. Sharti lilihesabu pointi zote za timu. Mlinzi akinyakua pasi ya mpinzani na kukimbia nayo hadi mwisho, Brian anaandikiwa. Lakini Cade McNamara, kwotabeki anayeongoza mashambulizi, alipoumia goti mapema msimu huo, lengo halikushuka hata kwa pointi moja.

Halafu tazama mchezo wenyewe. Ngome ya kocha Phil Parker ilikuwa chuma. Mwaustralia Tory Taylor naye alikuwa akiupiga mpira mbali ajabu, wapinzani wanaanzia karibu na mstari wao wenyewe. Ukiwa na silaha hizo, kwani uhatarishe nini? Unashika mpira polepole, unakula saa, unailaza Northwestern 10-7 na kwenda zako. Ni kama timu inayopaki basi: humwambii straika wake afunge mabao 30.

Ningempima kwa mambo mengine: kila walipopata mpira walifanya nini nao, walianzia wapi, na alikuwa na wachezaji gani mkononi.

Hata hivyo, simtetei kupita kiasi. Iowa walimaliza msimu wa 2023 na ushindi mara 10 na kufika fainali ya ligi ya Big Ten, ila mara tatu walitoka uwanjani bila pointi yoyote: 31-0 mbele ya Penn State, 26-0 mbele ya Michigan kwenye fainali hiyo, na 35-0 mbele ya Tennessee. Hapo husingizii mtindo wa kucheza, buda. Wastani uliishia 15.4. Chuo hakikungoja hata hesabu ya mwisho. Kilitangaza mwishoni mwa Oktoba kwamba angeondoka msimu ukiisha.

Nafasi yake ilichukuliwa na Tim Lester. Msimu wa 2024 Kaleb Johnson alikimbia na mpira yadi 1,537, na wastani wa timu ukapita zile pointi 25 zilizomshinda Brian. Ushindi nao ukashuka kutoka mechi 10 hadi nane.