Mtani Anapofukuzwa Matangani

Bila shaka umepata kuhudhuria msiba ambako mtani wa marehemu huingia akiuigiza mwendo wake, akadai alipwe deni lake la zamani, na kulizuia jeneza mpaka apewe chochote. Waombolezaji hucheka huku machozi yakiwatoka. Hakuna mwenye busara amfukuzaye.

Nilimkumbuka mtani huyo hivi karibuni mjini Bunda, nyumbani kwa shangazi yangu, tulipokuwa tukitazama katuni ya Kijapani pamoja na wajukuu zake. Katuni yenyewe ni Dragon Ball, iliyotokana na kazi ya Akira Toriyama, aliyefariki dunia Machi 1, 2024. Toriyama alikuwa mchekeshaji wa kalamu. Kati ya mwaka 1980 na 1984 aliwachekesha Wajapani kwa Dr. Slump, kisa cha msichana wa mashine asiyezijua nguvu zake mwenyewe. Mwaka 1984 akaanza Dragon Ball katika gazeti la kila wiki la vijana, na televisheni ikaanza kuionyesha mwaka 1986.

Mwanzo wake ni furaha tupu. Goku ni kivulana mwenye mkia kama wa tumbili, aishiye peke yake mlimani, ambaye hajapata kuona mwanamke wala motokaa. Hutumbukiza mkia wake majini uwe chambo, akanasa samaki mkubwa kuliko yeye. Anapogongwa na gari, hudhani ni mnyama, akalibeba juujuu. Shangazi, aliyekulia Musoma karibu na mwalo wa Mwigobero na anayewafahamu wavuvi vizuri, alicheka mpaka akashika mbavu. “Huyu hana haja ya kununua ndoana,” alisema. Hakuna aliyemtafsiria Kijapani, hakukihitaji.

Lakini wasomaji wa gazeti lile walikuwa wakipiga kura kila wiki kuchagua hadithi waipendayo. Mashindano ya mapigano yalipoingizwa, kura ziliongezeka. Basi mapigano yakazidi, na vifo vikafuata. Mwaka 1989 ikaanza Dragon Ball Z. Yule kivulana sasa ni baba wa mtoto, na ghafla anatokea kaka yake kumwambia kwamba asili yao si ya dunia hii. Nguruwe mwoga, paka arukaye, na mzee mkorofi wa kisiwani, waliotuchekesha tangu mwanzo, wanabaki watazamaji wa mbali. Adui mmoja anatangaza kwamba sayari italipuka baada ya dakika tano. Dakika hizo huchukua vipindi karibu kumi! Hata mimi niliyevizoea vikao virefu nilisinzia.

“Mbona wanaangaliana tu na kupiga kelele?” aliuliza Shangazi. Hakungoja jibu, akainuka kwenda kutazama chungu chake jikoni. Mjukuu mdogo akamfuata. Sebuleni tukabaki mimi na wale vijana wawili wakubwa, kimya.

Sisemi kwamba huzuni haina nafasi. Kesho yake nilikwenda Butiama, nikakikumbuka kitabu alichokitafsiri mwana wa kijiji kile, Mwalimu Julius Nyerere, na kuchapishwa mwaka 1969: Mabepari wa Venisi. Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja; Mwalimu, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, akawataja mabepari wengi. Wengi wetu tunaikumbuka mahakama na ratili ya nyama, tukasahau kwamba mwaka 1623 mchezo huo uliwekwa miongoni mwa vichekesho. Baada ya hukumu kuna mzaha wa pete ambao wake wawili huwachezea waume zao. Ni mzaha mzuri, lakini binafsi hunishinda kuucheka, kwa sababu Shylock ameondoka amenyang’anywa mali na kulazimishwa kubadili dini, na wanaocheka wamekwenda kuchekea nyumba nyingine. Mtani wetu hafanyi hivyo. Yeye hutania palepale penye jeneza.

Jioni niliporejea Bunda, wale vijana, wakiruka vipindi kama wapendavyo, walikuwa wamefika karibu na mwisho wa vipindi 291 vya Dragon Ball Z. Hapo nikakutana na bwana mmoja aitwaye Mr. Satan (jina ambalo hakuna padri angelibatiza). Ni mwoga na mjivuni, aliyejitangaza kuwa ndiye aliyemshinda adui aliyeuawa na mtoto wa Goku. Katika pigano la mwisho, Goku anawaomba watu wa dunia wote wainue mikono wampe nguvu zao. Hawamwitikii, kwani hawamjui. Ndipo yule mwongo anapopaza sauti, na kwa kuwa ndiye wanayemwamini, mikono inainuka kila mahali.

“Bibi, njoo uone!” aliita mjukuu mdogo. Shangazi akaja na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. “Ahaa,” akasema, “leo wamemrudisha mtani,” akavuta kigoda.