Mlango wa Chembe Nyeupe

Chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Juu ya kila chembe mna milango midogo sana. Penye kidonda, mwili hutuma tarishi waitwao kemokini. Hufika mlangoni na kumwita askari. Mlango mmoja wa namna hiyo unaitwa CCR5. Mwaka 1996 wataalamu walitambua ya kuwa virusi vya SIDA hushika mlango wa CD4 kwanza, kisha CCR5, vikaingia na kumharibu askari.

Je, mlango usioonekana kwa darubini hutambuliwaje? Kwa kingamwili iliyotengenezwa ishike CCR5 tu. Hutiwa rangi ing'aayo, huchanganywa na damu, na mashine huhesabu chembe zinazong'aa.

Kaskazini mwa Ulaya, kama mtu mmoja katika 100 huzaliwa bila mlango huo, na virusi vingi vya SIDA humshinda kumwingia. Afrika watu hao karibu hawapo. Basi, ndugu wa Kasongo na Kabambare, asiwepo asemaye, "Damu yangu ni ngumu." Nguvu ya kulima si alama ya usalama.

Kipimo cha tone la damu ya kidole hakitafuti mlango. Hutafuta kingamwili ambazo mwili wenyewe umefanya kwa ajili ya virusi. Nenda ukapimwe. Ukionekana unavyo, anza dawa upesi, uimeze kila siku. Na mama mwenye mimba asichelewe: dawa zake humlinda mtoto pia.